Kundi la Wazima

1

Tusekile Mwakalobo alikuwa mwoga wa watu, na wala hakulificha. Miaka tisa mizima alifanya kazi peke yake katika chumba kimoja mjini Sumbawanga, dirisha likitazama ukuta wa jirani, akiwachambulia wenzake takwimu za utafiti ambao yeye mwenyewe hajawahi kuuona kwa macho. Wenzake hao aliwajua kwa sauti za simu tu. Kila mwaka walimwalika kwenye kongamano lao, na kila mwaka, sijui ni bahati gani hiyo, alishikwa na mafua wiki hiyo hiyo. Mwaka huu mafua yaligoma kuja, ikabidi aende.

Ndiyo maana Jumatatu ile asubuhi alikuwa amesimama nje ya ukumbi wa hoteli moja huko Mufindi, katikati ya mashamba ya chai, baridi inamng'ata masikio, akijiambia kwamba akihesabu hadi ishirini ataingia. Alihesabu hadi ishirini mara nne. Mara ya tano mlango ukafunguliwa, jamaa mrefu akatoka, nusura amgonge.

"Samahani," Tusekile akasema.

Yule mtu akasimama palepale. "Sauti hiyo naijua! Haki ya Mungu naijua. Hebu sema tena samahani."

"Samahani?"

"Ni Tusekile! Jamani, njooni mwone, Tusekile amekuja na miguu yake!"

Huyo alikuwa Dakta Mwakio, daktari wa mishipa ya fahamu kutoka Voi, ambaye kwa miaka tisa alimpigia simu kila Alhamisi na hakuna hata Alhamisi moja aliyokata simu bila kumchekesha. Alimshika mkono akamwingiza ndani kama anayemrudisha mtoto aliyepotea sokoni. Watu wakamzunguka. Huyu alimshukuru kwa jedwali la mwaka jana, yule akamtania kwamba alidhani ni mzee mwenye mvi. Tusekile alitafuta pa kujificha, hakupaona, na kwa mshangao wake mwenyewe akagundua kwamba hapahitaji.

Kabla ya kupewa kadi ya jina kulikuwa na mtihani wa mlangoni. Mtu aliketi mbele ya skrini akaonyeshwa nyuso arobaini na majina yake, akaenda kunywa chai dakika kumi, akarudi kuonyeshwa nyuso zilezile bila majina, ayataje. Mtihani huo ulikuwa na historia yake. Chama kilipoanza, miaka kumi na miwili nyuma, kilikuwa na wagonjwa wa kiharusi wa kuwatibu lakini hakikuwa na watu wazima wa afya wa kuwalinganisha nao. Na dawa haipimwi hivihivi, lazima pawe na kundi la wazima pembeni. Basi watafiti wakajipima wao wenyewe. Ilianza kwa shida, ikawa mila, ikaishia kuandikwa kwenye fulana zao kwa herufi kubwa: SISI NDIO WAZIMA.

Mwakio alipata majina kumi na tisa. Akapiga makofi. "Udaktari unakula kichwa, dada. Mwaka jana nilipata ishirini na moja. Haya, zamu yako."

Tusekile alipata thelathini na tisa.

Kelele zilipungua kidogo nyuma yake. Kisha mtu akasema, "Huyu ameiba mtihani!" na kicheko kikajaa mlango mzima. Yeye naye akacheka. Kadi yake ilikuwa kubwa kama sahani, jina limeandikwa mbele na nyuma. Aliona kadi za wote ni hivyohivyo, akadhani ni mtindo.

Mwenyekiti wa chama, Profesa Bimkubwa Faki wa Pemba, mama wa miaka sitini na moja mwenye ushungi wa kijani na mikono yenye joto, alimkumbatia mpaka miwani ikapinda. "Karibu kwako, mwanangu," alisema. Neno hilo *kwako* lilimwingia Tusekile mahali ambapo hakujua kuwa pako wazi.

Kila meza ya chai ilikuwa na bakuli katikati. Ndani yake mlikuwa na ile dawa yao, waliyoiita uzi, kiumbe kilicholelewa maabara, mweupe kama tambi zilizoiva kwenye maziwa, ukijisogezasogeza polepole. Mgonjwa akidungwa kidogo shingoni, uzi hutambaa hadi penye mishipa ya fahamu iliyokatika na kuishona. Mzee aliyekuwa akiwamiminia chai, Mzee Ngimba, aliwahi kupooza upande wote wa kuume. Sasa birika la lita tano alilibeba kwa mkono huohuo wa kuume na kupiga mluzi juu yake.

"Mgeni lazima asalimiane nao," Mwakio akasema, akisogeza bakuli. "Usiogope, hauna madhara. Si wewe mwenyewe uliyeandika? Ila huu ni kizazi kipya, una haraka kuliko ule wa zamani. Huu ndio tunaoupigia kura Jumatano. Ukipita, unakwenda hospitali zote za wilaya. Watu elfu sitini, Tusekile! Mwaka mmoja!"

Ni kweli aliandika. Ilikuwa kazi yake ya kwanza kwao: kulinganisha kumbukumbu za wagonjwa wenye uzi na za kundi la wazima. Aliandika maneno mawili, *hakuna tofauti*, na tangu hapo watu wa maabara wakaacha kuvaa glavu. Akazamisha mkono hadi kwenye kifundo. Uzi ukamtekenya vidole. Meza nzima ikapiga vigelegele, na Tusekile Mwakalobo, mwoga wa watu, alikaa nao hadi jua likazama, akasimulia kisa cha nukta aliyoiweka mahali pasipo pake ikawafanya wagonjwa wawe na umri wa miaka mia saba, na watu wakacheka mpaka wakaegemea meza. Duniani kote hakuna pengine ambapo kisa hicho kingemchekesha mtu. Alifurahi, tena alifurahi kwa namna ya kumtia uchungu, kwa jinsi alivyochelewa.

2

Jumanne, wakati wa chai ya asubuhi, Mwakio alivuta kiti akakaa mbele yake. "Hujambo, dada. Mimi naitwa Mwakio, natoka Voi. Ni mara yako ya kwanza?"

Tusekile akacheka. Alingoja naye acheke. Mwakio alimtazama kwa adabu, macho yakashuka kwenye kadi, ndipo uso ukafunguka. "Aah! Tusekile! Si ungesema!" Akacheka kwa sauti kubwa. Lakini Tusekile alikuwa anamtazama machoni, na machoni hapakuwa na mchezo wowote. Alikuwa amemsoma, hakuwa amemkumbuka.

Akajiambia, watu wamechoka, wamesafiri mbali, acha uchawi wako.

Halafu kulikuwa na mtafiti mmoja wa Kigoma. Jumatatu alasiri mwenzake alimwita mwongo mbele ya ukumbi mzima, mpaka jamaa akatoka analia. Sasa hao wawili walikuwa wanagawana mkate. Tusekile akamsogelea, akamwambia kwa sauti ya chini, "Nashukuru mmepatana."

"Nimepatana na nani?"

"Na huyo. Jana mlivyogombana."

Mtu wa Kigoma akatabasamu bila wasiwasi wowote. "Sisi hatugombani, dada. Uliza yeyote. Ndiyo raha ya chama hiki."

Akauliza. Wanne, watano. Hakuna aliyekumbuka ugomvi, na wote walikuwa ukumbini.

Aliwaaga kwamba anaumwa kichwa, akapanda chumbani kwake, namba kumi na saba, akafunga mlango kwa funguo, kisha akajishangaa kwa nini amefunga. Akafungua kompyuta. Matokeo yote ya mtihani wa mlangoni yalikuwemo, ya miaka kumi na miwili. Kila mwaka aliyachora kwa mistari miwili: mstari wa wagonjwa na mstari wa wazima. Kila mwaka mistari hiyo ilikwenda sambamba, na yeye aliandika hakuna tofauti, akaweka sahihi, akaenda kulala.

Mistari yote miwili ilikuwa inashuka.

Hilo hakuwahi kuliuliza. Swali aliloulizwa lilikuwa kama kundi moja limeachana na lingine, na kila mwaka ndilo alilolijibu. Mwaka wa kwanza wazima walipata wastani wa majina thelathini na saba kati ya arobaini. Mwaka huu walipata ishirini. Labda ni umri? Akatafuta mtihani uleule kwa watu wengine kabisa, akaupata: walimu wa shule za msingi, maelfu, wa umri uleule, ambao hupimwa afya kila mwaka. Akauchora mstari wa tatu. Ulilala juu kabisa, bapa, thelathini na saba mwanzo hadi mwisho.

Akajaribu la mwisho. Aliwapanga watafiti kwa miaka waliyoushika uzi kwa mikono mitupu. Aliyeushika miaka miwili alipata thelathini na mbili. Aliyeushika miaka minane, kumi na tisa. Hakuna aliyetoka kwenye mpangilio huo, isipokuwa mmoja aliyepata thelathini na tisa, na huyo alikuwa ameketi Sumbawanga miaka yote tisa akitazama ukuta.

Tusekile akautazama mkono wake wa kuume. Akaenda bafuni akausugua kwa sabuni mpaka ngozi ikawasha, huku akijua fika kwamba anafanya upuuzi.

3

Profesa Bimkubwa alikuwa barazani, amejifunika shali, anaota jua dogo la saa kumi alasiri.

"Profesa, naomba dakika kumi."

"Chukua ishirini, mwanangu. Kaa. Mbona uko hivyo, kama uloona jini?"

Tusekile hakujua pa kuanzia, akaiweka kompyuta mapajani mwa yule mama. Profesa alivaa miwani. Kidole chake kilifuata mstari mmoja, kikarudi, kikafuata mwingine.

"Huu wa juu wa kina nani?"

"Walimu. Wa rika letu."

"Na hawa wa chini ni wagonjwa wetu. Na sisi tu pamoja nao."

"Tuko pamoja nao miaka yote, Profesa. Mimi niliandika hakuna tofauti, na kweli hakuna. Sikujiuliza tunafanana kwa uzima au kwa ugonjwa. Ni kosa langu."

"Ngoja niandike," Profesa akasema, "maana siku hizi nisipoandika…" Hakumaliza. Alitoa daftari nene kwenye mkoba, lile alilolitumia makongamanoni tu, akaandika: *Kundi la wazima si wazima.* Kalamu ikabaki hewani. Alikunja uso kama mtu aliyesikia harufu anayoijua. Akaanza kurudisha kurasa nyuma, kwanza polepole, kisha kwa haraka.

Akageuza daftari ili Tusekile asome. Kongamano la mwaka jana, siku ya Jumanne, kwa mwandiko wake mwenyewe: *Kundi la wazima si wazima. Niwaambie kesho kabla ya jambo jingine lolote.* Na kurasa nyingi nyuma, mwaka juzi: *Nimeona. Sisi pia tunaumwa. Niwaambie kesho.*

"Mara mbili," Profesa Bimkubwa akanong'ona. "Wallahi sikumbuki. Hata chembe." Tusekile akaishika mikono yake, ile yenye joto, kwa kuwa hakujua la kufanya jingine.

Kisha mtaalamu akaamka ndani ya yule mama, akaanza kusema kama anayefundisha darasa. "Tuliulea uzi utafute penye jeraha. Mtu akilala, unapita kwenye mishipa na kulainisha kila kilichokwaruza. Sasa hofu ni nini? Mkwaruzo. Ugomvi, aibu, habari mbaya, vyote mkwaruzo. Uzi hauna akili ya kujua jeraha lipi ni la kupona na lipi ni la kukumbuka. Majina na nyuso ngeni hupotea njiani tu, maskini, ni mambo mepesi. Lakini hofu ya leo unaifuata makusudi, na asubuhi haipo."

"Ndiyo maana hakuna mgonjwa hata mmoja aliyewahi kulalamika," Tusekile akasema. Alikuwa ameziandika hizo takwimu pia. Malalamiko: sifuri.

"Ndiyo maana." Profesa alivua miwani. "Lakini nisikilize. Yule Ngimba alilala kitandani miezi kumi na minne akilishwa kwa kijiko. Leo anabeba birika. Ukimwambia achague mkono wake au hofu zake, unadhani atachagua nini?"

"Sijui."

"Mimi najua. Atachagua mkono."

"Labda. Basi aulizwe, Profesa. Hajaulizwa hata mmoja. Na mtu asiyeweza kuogopa, dawa ikianza kumdhuru atajuaje? Nyumba itamwangukia huku anasema yuko salama."

Chini bustanini wenzao walikuwa wanapiga picha, wamekumbatiana, fulana juu ya masweta. Mwakio aliwaona akawapungia mikono yote miwili.

"Ukiwaambia, chama kimekwisha," Profesa akasema. "Na wewe ndiyo kwanza umefika kwako."

Hilo lilimuuma Tusekile kuliko alivyotaka lionekane. Akajibu kwamba anajua.

"Jingine. Mimi nikilala nitasahau. Wao wote watasahau. Ukinyamaza kesho, hapana kiumbe chini ya jua atakayejua kwamba ulijua. Hakuna wa kukunyooshea kidole. Mimi siiogopi kura, mwanangu. Naliogopa hilo."

"Sasa kwa nini unaniambia?"

"Kwa sababu mimi nimeshashindwa mara mbili, na hata kujilaumu sikupata."

4

Usiku wa Jumanne tuuache ulivyo. Tusekile aliapa hatalala, na karibu na alfajiri akalala.

Alipofungua macho, kitu cha kwanza alichokitafuta ni hofu yake, kama mtu anavyopapasa jino bovu kwa ulimi kuona kama bado linauma. Ilikuwepo. Ilikuwa palepale alipoiacha jana. Bwana asifiwe! Alilia kwa kushukuru kwamba anaogopa, kisha akavaa.

Kwenye meza ya chai walikuwa wamemwekea kiti, na juu ya kiti karatasi: *Hapa anakaa Tusekile tu.* Hakuna aliyekumbuka nani ameiweka. Mwakio alisoma kadi yake, akampigia makofi, akamkatia kipande kikubwa cha mkate. Akakaa katikati yao. Mabega yao yalikuwa na joto pande zote mbili. Akawaza: *nikinyamaza leo, mwakani nitarudi hapa, na mwaka ule mwingine, na kiti hiki kitakuwepo. Ngimba atabeba birika lake. Watu elfu sitini watasimama. Nani ataniuliza?* Aliliwaza hilo mpaka mwisho, wala hakujidanganya kwamba hakulitamani.

Profesa Bimkubwa alipita, ushungi umenyooka, uso umetulia. "Umeamkaje, mwanangu? Mie leo nimelala kama mtoto."

"Profesa, jana barazani tulizungumza…"

"Ee, lazima nilikuchosha na habari za Pemba!" Akamfinya shavu akaenda zake.

Saa tatu ukumbi ukajaa, watu mia na kumi na wawili. Profesa alisoma hoja, kwamba uzi ni salama na uende hospitali zote. "Wanaokubali, wanyooshe mikono." Mikono ikaanza kupanda, mia nzima, kwa furaha. Mwakio alinyoosha yote miwili.

Tusekile akasimama. Kusimama mbele ya watu ndicho kitu alichokikimbia maisha yake yote, na sasa kila jicho lilikuwa juu yake, tena macho ya watu anaowapenda.

"Nimekosea," akasema. Sauti ilitoka kama ya kifaranga. "Miaka tisa nimekosea. Naomba mshushe mikono."

Alieleza vibaya. Alirukaruka, akachanganya miaka, akaangusha rimoti ya skrini. Lakini mistari mitatu ikatokea ukutani, na hao walikuwa watafiti, mistari wanaijua. Kicheko kilianza, kikafa. Mtu akapaza sauti nyuma, "Dada, sisi hatuna tatizo! Tutazame!"

"Ndiyo tatizo lenyewe," Tusekile akajibu. "Profesa, tafadhali, daftari lako. Soma ulichoandika jana."

Profesa Bimkubwa alitoa daftari huku akitabasamu, kama anayemridhisha mtoto. Akafungua. Akasoma kwa sauti sentensi ya jana, na tabasamu likabaki usoni limesahauliwa. Tusekile akamwambia arudi mwaka jana. Akarudi, akasoma. Akamwambia mwaka juzi. Hiyo aliisoma kwa sauti ya chini sana, na hakuna aliyekosa kuisikia.

Ukumbi wa watu wasiogombana ukajaa kelele. Yule wa Kigoma alikuwa anajipiga kichwa kwa ngumi akirudia, "Nimesahau nini? Nimesahau nini?" Mtu alikimbilia mlangoni, akafika, akasimama, kwa sababu hapakuwa na pa kukimbilia. Mwakio alikuja mbele, akasimama karibu na Tusekile. Uso wake ulikuwa wa majivu.

"Mimi na wewe tulionana lini?"

"Jumatatu. Pale nje. Ulinijua kwa sauti."

"Nilifurahi?"

"Ulifurahi sana, kaka."

"Sikumbuki. Lakini sauti yako naijua, na wewe hujawahi kunidanganya hata kwa desimali." Akawageukia wenzake. "Shusheni mikono, nyinyi! Hakuna kura."

Kisha Profesa Bimkubwa akagonga meza kwa kiganja. "Asilale mtu!" akapiga kelele. "Hata kusinzia! Barua itoke sasa hivi, tungali tunaogopa!"

Basi wakaandika, kama watu wanaozima moto. Barua kwa wizara na kwa hospitali zote: uzi usimame, kila aliyekwisha kupewa aambiwe ukweli mbele ya ndugu zake, asiyepewa aulizwe kwanza, na watafiti wenyewe wahesabiwe miongoni mwa wagonjwa. Mabakuli yalifungwa kwenye mapipa. Wakaitwa Ngimba na wenzake wa jikoni, wakaambiwa wao kwanza. Ngimba alisikiliza habari yote ya mkono wake, akasema, "Mngeniambia siku ile. Ningekubali, lakini mngeniambia," na hakupiga mluzi tena siku hiyo. Kabla ya chakula cha mchana barua ilikuwa imekwenda, na sahihi mia na kumi na mbili chini yake.

Ikabaki kesho. Walikubaliana kubaki pale hotelini mpaka wajue uzi unavyoambukiza, na kila asubuhi, kabla ya chai, kila mmoja asomewe karatasi moja yenye habari yote. Tusekile ndiye aliyeitunga. Tusekile ndiye angewasomea.

"Wewe utatusomea kila siku?" Profesa akamuuliza. "Kila siku tutaogopa upya, tutalia upya. Utaweza?"

"Mimi ndiye ninayekumbuka."

Profesa alimtazama mkono wa kuume, kidogo tu, kisha akamvuta Mwakio pembeni wakanong'ona.

Alhamisi aliwasomea. Alianza na uso wa Mwakio ukicheka akauona ukizimika, akaenda mlango wa pili, wa tatu, na kufikia wa arobaini alikuwa hana machozi. Lakini wakati wa chai walikaa wote pamoja, wanatetemeka, wameshikana mikono chini ya meza, na kiti chake kilikuwepo. Hawakuwa na furaha ile ya Jumatatu. Tusekile alifikiri hawajawahi kuwa karibu zaidi ya hapo.

5

Ijumaa Tusekile aliamka jua limeshapanda. Loo, usingizi ule! Alijinyoosha, akatazama chai ilivyong'aa nje dirishani, akawaza mkate wa hoteli hii ulivyo mzuri na watu wake walivyo wema. Alitaka kuwahi kabla kiti chake hakijakaliwa.

Mlango ukagongwa. Nje alisimama jamaa mrefu mwenye macho mekundu, karatasi mkononi inatikisika. Alimtazama kwa adabu ya mtu asiyemjua.

"Samahani, dada. Mimi naitwa Mwakio. Nimeikuta hii imefungwa mkononi mwangu, nimekwisha kuisoma. Hapa juu Profesa ameandika kwa kalamu, tarehe ya jana: *Ukimaliza, nenda mlango wa kumi na saba. Hata akisema yeye hahitaji.*"

Tusekile akacheka. "Karibu, kaka. Mbona unaogopa hivyo? Kuna nini?"

"Kaa kwanza," Mwakio akasema.

Akakaa kitandani, bado anatabasamu. Mwakio akasoma taratibu, neno kwa neno, habari za uzi, za mistari mitatu, za daftari, za watu elfu sitini na barua iliyokwisha kwenda. Tusekile alisikiliza kwa huruma, kama anavyosikiliza mtu habari za msiba wa mtaa mwingine. Maskini watu hao. Na huyo aliyeligundua jambo lenyewe, alikuwa na moyo gani wa kusimama mbele ya watu wote wale?

"Aliyeandika haya ni nani?" akauliza.

Mwakio alitazama chini kabisa ya karatasi, kisha akatazama kadi kubwa iliyoning'inia kwenye kitasa cha mlango. Akaja akapiga magoti mbele yake, akamshika mikono yote miwili.

"Ni wewe, dada," akasema.